Moshi wa mashambani wageuza vumbi kuwa mbolea ya mwani ziwani

Kila kiangazi wakulima wengi mkoani Mara, kuanzia Buhare mjini Musoma hadi Butiama na Bunda, husafisha mashamba kwa moto. Mabua ya mahindi na mtama huteketea, udongo hubaki wazi, na upepo huondoka na vumbi, majivu na moshi. Sehemu yake huishia Ziwa Victoria, na huko ndiko gharama inakoanza.

Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia katika ziwa hilo hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Hivyo, kinachoelea angani hatimaye hufika majini. Utafiti wa Tamatamah na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa asilimia 55 ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka angani, na sehemu kubwa huanguka ikiwa kavu.

Hata hivyo, suala la msingi si uzito wa vumbi bali ni kiasi gani kinayeyuka. Udongo mwekundu una chuma kingi, lakini vumbi lake likianguka majini moja kwa moja, ni sehemu ndogo sana ya chuma hicho inayoyeyuka. Kinachobaki huzama topeni bila kumlisha kiumbe yeyote.

Wakulima wanaotumia fosfeti ghafi ya Minjingu wanalifahamu jambo hili. Mbolea hiyo huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na kwa shida kwenye udongo usio nayo. Viwanda vya mbolea navyo hutumia tindikali kuyafanya mawe ya fosfeti yayeyuke.

Anga hufanya kazi inayofanana na hiyo. Gesi za salfa na naitrojeni zitokanazo na moto na injini za magari hugeuka tindikali katika unyevu mwembamba unaoizunguka punje ya vumbi. Moshi wa majani huongeza tindikali ya oksaliki, ambayo hukikamata chuma na kukitoa ndani ya punje. Mwanga wa jua nao hugeuza sehemu ya chuma hicho kuwa aina inayoyeyuka kwa urahisi. Chokaa iliyomo kwenye vumbi, na amonia kutoka mazizini, hupunguza makali ya tindikali, lakini moshi ukizidi kinga hiyo huelemewa.

Matokeo yake ni karamu ya mwani wa kijani-buluu. Mwani huu una aina zinazojitengenezea naitrojeni kutoka hewani, kazi inayohitaji chuma kingi. Ukifa na kuoza hutumia oksijeni ya majini, na sangara ni samaki asiyevumilia maji yenye oksijeni kidogo. Hasara ya oksijeni kupungua ilionekana Mto Mara mwezi Machi 2022, samaki walipokufa kwa wingi. Ingawa pale kamati ya serikali ilitaja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza, si vumbi.

Mkulima naye hasalimiki. Naitrojeni ya mabua hupotea na moshi, kisha huinunua upya dukani ndani ya mfuko wa DAP au urea.

Kwa nini basi anachoma? Moto ni nafuu kuliko kibarua, na mabua yaliyoachwa shambani huliwa na ng'ombe wa jirani. Kwa hesabu ya mtu mmoja, kiberiti kina faida. Hasara huangukia kaya zote, zikiwamo zenye mtumbwi.

Kwa zao la pamba moto una sababu, kwani kanuni zinataka mabua yang'olewe na kuchomwa ili kuua wadudu. Mabua ya mahindi na mtama yana matumizi mengine. Halmashauri zinaweza kuanza na sheria ndogo za kuzuia mifugo kuingia mashambani baada ya mavuno, na maofisa ugani wakafundisha kutandaza mabua au kuyahifadhi kama malisho. Bila ulinzi huo, kumkataza mkulima kuchoma ni kumtaka alishe ng'ombe wa mwenzake bure.