Rangi hainunuliwi kwa asante

Jamani wadau, leo nina hasira. Rumeti wangu kachora bango la mahafali, siku mbili hajalala. DJ kalipwa, mpishi kalipwa, mwenye turubai kalipwa. Yeye? "Tutakutangaza, kaka." Hivi muuza rangi mjini anapokea matangazo?

Edward Tingatinga, miaka ya 1960, alichora kwa rangi za baiskeli pale Oysterbay ili auze, ale. Kuchora ni kazi, sio hisani!

Na mimi je, simo? Nimo. Nilipokwenda TP alinichorea chati tano za baiolojia, nikamnunulia soda moja. Aibu. Boom likitoka tu namlipa.

Na nyie mnaodaiwa mnajijua. Mkija tena mikono mitupu, mtanikuta mlangoni.