Homa ya Mtoto Shambani

Msimu wa mpunga, familia nyingi za Bonde la Kilombero huhamia mashambani, mbali na majirani na zahanati. Mtoto mchanga akishikwa na homa usiku, mama amwulize nani? Mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa, ulioanza bondeni humo mwaka 1997, uliokoa watoto wengi na malaria. Lakini chandarua hakimbebi mgonjwa. Wala si kila ushauri hufaa: wapo wazazi waliocheleweshwa kwenda hospitali Ifakara kwa imani kwamba sindano humwua mwenye degedege. Kinachotakiwa ni jirani mwenye baiskeli, atakayemsindikiza mzazi usiku uleule. Akina baba, ambao aghalabu huwaachia wake zao wasiwasi huu, wapangiane zamu hizo kabla hawajaondoka kijijini.