Mtoto asigeuzwe mkalimani wa mama hospitali

Mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akapelekwa kuishi Marekani, hafiki huko bila lugha. Kambi hiyo imekuwa ikiwahifadhi Wakongo waliokimbia vita tangu 1996. Wanazungumza Kiswahili, Kibembe au Kifuliiru, na waliosoma wana Kifaransa. Wanachokosa ni Kiingereza, na huko ndicho kinachotakiwa kila mahali.

Watoto hukidaka haraka kwa sababu wanashinda shuleni. Mama yuko kazini zamu ya usiku, au nyumbani na mtoto mchanga, na darasa la Kiingereza anahudhuria kwa kubahatisha. Haupiti muda, mtoto wa miaka 10 ndiye anayesoma barua, anayepokea simu na kuzungumza na mwenye nyumba.

Kumsaidia mama dukani si neno. Shida huanza mama anapoumwa. Atamwelezaje daktari mambo ya uzazi wakati kijana wake wa kiume ndiye anayetafsiri? Wengine hufupisha, wengine hunyamaza na kurudi na ugonjwa wao. Daktari akiwa na habari mbaya, wa kwanza kuzisikia ni mtoto, naye ndiye atakayeamua mama aambiwe nini. Shuleni nako, mwalimu akimlalamikia mtoto, mtoto huyohuyo ndiye anayefikisha malalamiko. Mzazi mwenzangu, unajua yatafika yakiwaje.

Sheria ya Marekani inaitaka hospitali inayopokea fedha za Serikali ya nchi hiyo impatie mgonjwa mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu. Mtoto hatakiwi kutumiwa kutafsiri, isipokuwa kwenye dharura ambayo mkalimani hajapatikana. Mama aitaje lugha yake na asubiri. Kama una dada au shangazi huko, mpigie umweleze, kwa kuwa wengi hawathubutu kuomba wakidhani watadaiwa pesa.

Nasi tulioko nyumbani tujiangalie. Karatasi nyingi za hospitali zetu zimeandikwa kwa Kiingereza, na tunamkabidhi mtoto wa sekondari atusomee majibu ya vipimo. Kabla hujatoka kwa daktari au dirisha la dawa, omba uelezwe kwa Kiswahili: unaumwa nini, dawa unakunywaje, unarudi lini. Mtoto abebe madaftari yake, siri za mwili wako zibaki kwako na daktari.