Seli Haitosheki, Huzuiwa

Katika mazoezi ya kufundisha tumewasikia wanachuo wengi wakieleza kwamba seli hugawanyika ili mtoto akue na kidonda kipone, kisha wakafuta ubao. Safari moja mtoto akauliza: goti likishapona, mbona nyama haiendelei kuota? Akajibiwa kwamba seli "zimetosheka". Jibu hilo twalikataa, na swali lenyewe lilikuwa bora kuliko somo zima.

Seli haitosheki; huzuiwa. Ndani yake mna protini za ulinzi. Mojawapo, iitwayo RB, huishikilia protini nyingine, E2F, ambayo huamsha kazi ya kunakili DNA kabla ya seli kugawanyika. Ishara ya kukua ifikapo, RB hubandikwa fosfeti, nayo huiachia E2F. Mlinzi mwingine, p53, husimamisha kazi endapo DNA imeharibika. Uharibifu ukizidi, huifanya seli ife. Protini hiyo iligunduliwa mwaka 1979, na hadi 1989 wataalamu walidhani kwamba huchochea saratani. Basi mwanachuo asione haya kusahihishwa.

Jambo hili lamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi? Mwaka 1971 Alfred Knudson wa Marekani alichunguza habari za wagonjwa 48 wa retinoblastoma, saratani ya jicho iwapatayo watoto wadogo, akakata shauri kwamba chanzo chake ni hitilafu mbili. Leo twajua kwamba kila seli ina nakala mbili za jeni ya RB, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu amebakiwa na kinga moja tu, ndiyo maana mara nyingi huugua mapema, tena macho yote mawili. Hapana uchawi hapo, wala maradhi hayaambukizi. Mwanafunzi ambaye mdogo wake ameugua asitengwe. Na mboni ya mtoto ikionekana kung'aa weupe, mzazi ahimizwe kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa zana, twapendekeza baiskeli yenye breki mbili. Iingizwe darasani, breki moja ifunguliwe, watoto waisukume na kujaribu kuisimamisha. Itasimama. Kisha ifunguliwe ya pili, na mwalimu anyamaze mpaka waulize wenyewe.