Kosa Lisilo na Mwenyewe

Imani hii nimeisikia barazani, kwenye vikao vya harusi, na kwa wasomi waliopaswa kuikataa: kwamba kiongozi akitamka "nimekosea" amejimaliza. Mkubwa hakiri, wanasema, kwa kuwa akikiri leo, kesho atapandwa kichwani. Naipinga imani hii kwa moyo wangu wote. Imetuharibia viongozi, na sisi tunaoongozwa imetufundisha kunyamaza.

Isikilizeni lugha iliyozaliwa nayo. Mradi ukikwama tunaambiwa "dosari zimejitokeza". Fedha zisipoonekana, "kumekuwa na changamoto". Dosari zimejitokeza: yaani zimetoka zenyewe, kama uyoga baada ya mvua, wala hakuna aliyezipanda. Lakini daraja likikamilika, mtendaji anapatikana mara moja, na jina lake linaandikwa kwenye jiwe la ufunguzi.

Kijijini kwetu, kusini kwenye mikorosho, mwenyekiti wa chama cha msingi aliagiza korosho ziwekwe kwenye ghala lililokuwa likivuja. Mtunza ghala alimweleza kwamba bati limetoboka. Akaambiwa aache ubishi. Mvua ikanyesha usiku kucha, magunia yakalowa, na korosho ikilowa bei yake imekwenda. Aliyefukuzwa kazi ni mtunza ghala. Wajumbe walisema mwenyekiti amelinda heshima yake. Msimu uliofuata hakuna aliyemwambia tena habari ya bati, wala ya mzani uliokuwa ukidanganya, wala ya deni la pembejeo. Wote walikuwa wameona malipo ya anayesema. Mkubwa asiyekosea haletewi habari mbaya, na asiyeletewa habari mbaya anaongoza akiwa amefumba macho, hata awe na akili kiasi gani.

Najua hoja ya upande wa pili: wabaya wake watalitumia neno lake kumwangusha. Basi tumtazame Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1976 watu waliokamatwa katika msako wa mauaji ya vikongwe huko Mwanza na Shinyanga waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowashika. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtuhumiwa hata mmoja. Angeweza kuwatoa askari wachache na kubaki na kiti chake, na wengi wangemwelewa. Mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu, kwa kuwa wizara ilikuwa yake na aibu ilikuwa yake. Kwa hesabu ya barazani, mtu huyo amekwisha. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hadi leo kujiuzulu kule hutajwa kama sifa yake.

Nyerere naye, akiwa bado Ikulu, alisema waziwazi mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, ushirika mwaka 1976. Wakulima walikuwa wameumia muda mrefu, na neno lile halikuwafidia shilingi. Silisifu kupita kiasi. Lakini neno kama lile humpa anayefuata ruhusa ya kutengeneza bila kuonekana msaliti, na hiyo ni hazina kubwa katika nchi ambayo kosa la mkubwa hugeuka kuwa sera.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Tumeupunguza msemo huu hadi kumtaka avumilie maneno ya watu tu. Jalala hupokea uchafu wa nyumba nzima, pamoja na ule ambao halikuutupa. Anayepokea mshahara, gari na salamu za heshima za watu mia, aupokee na uchafu wao. Asiyeweza, kiti hicho si chake, awe waziri au baba anayempiga mwanawe kwa ajili ya chombo alichokivunja yeye mwenyewe.

Mtunza ghala yule bado yupo kijijini. Analima ufuta. Mwenyekiti hukutana naye njiani karibu kila wiki, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto. Ghala limeezekwa upya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku ile alisema kweli.