Maji Hayaingii Yanapodondokea

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulifundishwa hivyo shule ya msingi, tukaandika insha, tukapewa alama. Shida ni kwamba methali haikutuambia ufa uko wapi. Na sisi, watu wa haraka, tukaielewa hivi: ziba. Ziba pale unapopaona, lipa, ondoka.

Nina ugomvi na hilo neno "ziba", na shahidi wangu ni gari la mathe.

Ni Toyota HiAce, ile tunayoiita Shark, iliyopiga kazi ya matatu miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Mathe aliinunua abebe watoto wa shule hapa Kayole, asubuhi kuwapeleka, jioni kuwarudisha. Mvua za Aprili zilipoanza, tone likaanza kudondoka juu ya kiti cha safu ya tatu, upande wa kushoto. Mtoto wa hapo akawa anashuka na bega moja limelowa.

Tukaenda kwa fundi. Akaangalia dirisha lililo karibu na kile kiti, akasema raba imechoka, akalizungushia silikoni. Nusu saa, tumemalizana. Mvua iliyofuata, tone lilelile. Tukarudi, akapaka silikoni juu ya silikoni. Mara ya tatu akapaka mpaka ukingo wa chini wa mlango wa kusukuma, halafu akatupa ile hukumu ambayo kila mwenye gari kuukuu ameisikia: "Mathe, hii gari ni mzee. Lazima ivuje."

Eti lazima! Umri si tundu. Gari linavuja kwa sababu kuna mahali maji yanaingia, na mahali hapo panaweza kupatikana, mradi mtu akubali kupatafuta.

Hebu fikiria paa la gari kama hilo. Ni mabati yaliyounganishwa, na pembeni kuna kimfereji cha kupitisha maji ya mvua. Kwenye ile mishono kiwanda kilitia gundi maalumu ya kuzuia maji. Miaka ya jua na mtikisiko ikaikausha, ikapasuka. Ongeza keria iliyofungwa juu, matundu ya eriali, na bolti za mataa ambayo tajiri wa kwanza alitoboa paa ili nganya yake ing'are. Maji yakiingia hapo hayaanguki moja kwa moja. Yanateleza kati ya bati na siling, yanafuata mteremko, yanatembea hata zaidi ya mita moja, kisha yanadondoka yakifika penye bonde au penye upenyo kwenye siling. Kwa hivyo pale unapoona tone ndipo safari ya maji ilipoishia. Ukipaka silikoni hapo, mlango bado uko wazi kule mbele.

Fundi wa pili alituuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: "Hii gari hulala ikiangalia wapi?" Kwa ploti yetu hulala pua ikielekea juu. "Basi maji yanarudi nyuma. Tundu liko mbele ya hilo tone." Kisha akasema atatoza pesa ya siku nzima ya kutafuta, kando na pesa ya kurekebisha. Mathe nusura awashe gari.

"Nikulipe kutafuta?"

"Mama, kutafuta ndiyo kazi. Kuziba hata wewe utaziba."

Alishusha siling, akakausha bati kwa kitambaa, akapulizia poda ya mtoto kwenye mishono yote kwa ndani. Mimi nikawekwa nje na mpira wa maji, yeye akajifungia ndani na tochi. Maji ya kutiririka polepole, si ya kurusha kwa nguvu, kwa sababu presha husukuma maji mahali ambapo mvua ya kawaida haifiki. Tukaanzia chini, tukapanda. Ukingo wa chini wa dirisha, dakika kumi. Pande zake, dakika kumi. Juu yake, dakika kumi. Ukianzia juu maji yatamwagikia kila kitu na hutajua ni wapi yamepenya. Lile dirisha lililopakwa silikoni mara tatu halikuwahi kuvuja hata tone. Tulipofika kwenye kimfereji, karibu na mguu wa mbele wa keria, akagonga bati mara mbili. Poda ilikuwa imechorwa mstari mmoja mwembamba. Nje, ufa wenyewe ulikuwa kama uzi.

Kuurekebisha hakukuwa na uchawi. Ukwangue gundi yote ya zamani na kila alama ya silikoni, kwa sababu rangi haishiki juu yake. Piga msasa mpaka kutu iishe, paka praima, tia gundi ya mishono ya bodi, iache ikauke, paka rangi. Halafu rudisha maji uangalie tena kabla ya kufunga siling. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu huruka.

Sasa sikiliza habari mbaya. Chini ya kila mlango wa gari kuna vitundu vidogo. Havijakosewa. Maji ya mvua hupita kando ya kioo yakaingia ndani ya mlango, na vitundu hivyo ndivyo njia yao ya kutoka. Ile silikoni ya mara ya tatu ilikuwa imeviziba. Fundi alipovifungua kwa waya, yalitoka maji ya rangi ya chai. Tulikuwa tumelipa pesa ili maji yafungiwe ndani.

Kisha tukainua kapeti. Chini ya kiti cha safu ya tatu, pale miguu ya kiti inapofungwa kwa bolti, bisibisi ilipenya sakafu kama inaingia kwa mkate. Mtoto alikuwa anakaa hapo kila siku. Siku ya breki ya ghafla, kiti hicho kingeshikwa na nini? Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu bega lililolowa.

Kuchomelea bati jipya kuligharimu mara nyingi kuliko ile siku ya kutafuta.

Ni rahisi kumlaumu fundi wa kwanza, lakini nani alimfundisha? Sisi. Tunalipa kinachoonekana. Akitumia saa nne akigundua na dakika tano akirekebisha, tunasema, "Si umegusa tu hapo?" Akipaka mkebe mzima ndani ya nusu saa, tunaona kazi imefanyika. Mtu mwenye watoto wa kulisha atakuuzia unachokubali kununua.

Najua mtu ataniambia huo ni ushauri wa wenye pesa, na mwenye gari kuukuu analo kwa sababu hana za kununua jipya. Ndiyo maana hasa. Mathe hakuwa na pesa ya kulipa mara tatu. Maskini ndiye asiyeweza kumudu silikoni. Na kama huna hata ya kumlipa anayetafuta, poda unayo, maji unayo, na una jirani wa kushika tochi.

Nawe abiria hujasazwa. Nimekuona kwa mathree mvua ikinyesha. Tone likianza unasogea, unaweka begi magotini, unavaa earphone, unamwachia kiti cha maji anayepanda stage inayofuata. Unadhani tatizo ni kulowa. Angalia sakafu. Tikisa kiti. Vuta mshipi uone umefungwa kwa chuma au kwa kutu, na kama ni kutu, sema kwa sauti, hata makanga akikuambia ushuke ununue lako.

Majirani bado wanasema tulichezwa, ati siku nzima mtu analipwa kumwagia gari maji. Wacha waseme. Siku hizi mathe hatoi pesa kwa fundi yeyote, wa gari, wa bomba au wa stima, kabla hajamuuliza neno moja: "Umejuaje?"

Wengine hukasirika. Hao huwa hatuwapi kazi.