MAJI YA MGONGO: ULIZA, LAKINI USIKATAE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, sikilizeni.

Mtoto ana homa tangu jana. Usiku mwili unakakamaa, macho yanageuka. Asubuhi mnamwita, haitiki. Mnamkimbiza hospitali. Wanamtoa damu, kisha mganga anasema: lazima tutoe maji ya mgongo. Hapo ndipo wazazi wengi wanakataa. "Mtoto wa jirani walimtoboa mgongo, akafa." Mama anambeba mtoto wake, wanarudi nyumbani.

Mimi nasema hivi: kuuliza ni haki yenu, tena ulizeni sana. Lakini kukataa kabla ya kusikia jibu ni kucheza na uhai wa mtoto.

Magonjwa mawili yanaweza kumlaza mtoto namna ile ile: malaria iliyopanda kichwani, na menenjiti, yaani uvimbe wa ngozi nyembamba zinazofunika ubongo. Kwa macho tu, hakuna mganga anayeweza kuyatenganisha kwa hakika. Damu nayo haitoshi. Kwetu watoto wengi wana vijidudu vya malaria katika damu; darubini inaweza kuonyesha malaria, kumbe menenjiti nayo iko kichwani. Na dawa ya malaria haiponyi menenjiti.

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi unalijua jambo hili. Kabla ya kuanza kazi unagonga mwamba wa juu kwa mtaimbo na kusikiliza sauti yake. Hugongi ili uuangushe, unagonga ili ujue. Mganga naye anafanya vile vile. Mtoto analazwa ubavu, amekunjwa, na sindano inapita kati ya mifupa ya kiuno, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Yanatoka matone machache tu. Mgongo au kichwa kinaweza kuuma siku chache. Kazi hii si majaribio: Quincke, mganga wa Ujerumani, aliianza mwaka 1891. Maji mazima yanang'aa kama ya chemchemi. Yakiwa na ukungu, mara nyingi ni usaha.

Na yule mtoto wa jirani? Mara nyingi mtoto wa namna hiyo alifikishwa siku ya nne au ya tano. Ugonjwa ndio ulioua. Sindano ilionekana mwisho, ikabeba lawama.

Lakini sitawalaumu wazazi peke yao. Mganga au muuguzi anayemchukua mtoto nyuma ya pazia bila kusema neno, huyo ndiye anayepanda uvumi kambini. Dakika tano za maelezo zinamgharimu nini?

Basi uliza: Mnatafuta nini? Majibu yatatoka saa ngapi? Dawa mmeanza? Hili la mwisho ni kubwa. Mtoto akiwa dhaifu mno, au ubongo ukionekana kubanwa, waganga huahirisha sindano, lakini dawa haingoji. Na wewe usifiche kitu: taja kila dawa aliyopewa nyumbani, ya majani na vidonge vya sokoni pia. Vidonge vya nusu nusu vinaweza kuficha vijidudu, maji yasisomeke vizuri.

Kwa mtoto mchanga usingoje shingo ikaze. Tazama utosi uliovimba, kukataa titi, kulia kila akiguswa. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, wala usitie kijiko mdomoni.

Asiseme mtu kwamba ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 2021, huko Banalia, katika jimbo la Tshopo, menenjiti iliua watu zaidi ya 100. Kadi ya chanjo ya mtoto iwe kamili. Chanjo hazizuii menenjiti zote, lakini zinazuia nyingine zilizo mbaya sana.

Akipona, msitoke hospitali bila kuomba apimwe masikio. Menenjiti huacha watoto wengine viziwi, na mtoto wa mwaka mmoja hawezi kukuambia kwamba hasikii. Nyumbani, simama nyuma yake umwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, mrudishe juma lile lile.